Mabega Mia Mbili na Kumi na Mawili

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimeanza kuchora. Mabega mia mbili na kumi na mawili, yote yamevunjika, yote ya watu waliopita hospitali yetu kwa miaka minane: waliogongana kwenye barabara kuu ya Beltway, waliorushwa na pikipiki, walioanguka kutoka juu ya paa. Majina yao yamefutwa, zimebaki namba tu.

Mume wangu Fredy ameniuliza wakati wa chakula kazi yenyewe ni ipi hasa. Nikamwambia ashike ule mfupa bapa mgongoni, unaochomoza ukirudisha mikono nyuma. Hilo ndilo kombe la bega. Tunachukua picha za CT, zile zinazoupiga mfupa tabaka kwa tabaka, za kila aliyevunjika hapo, kompyuta inausimamisha mfupa mzima kwenye kioo, unaweza kuuzungusha kama embe mkononi. Nami nafuata kila ufa kwa kalamu ya kompyuta na kuuhamishia kwenye mfupa mmoja wa mfano. Ukimaliza watu wote, mistari yao inalala juu ya mfupa ule mmoja, na pale ilipolundikana panakuwa pekundu. Ndiyo ramani. Daktari wa upasuaji akiiona atajua mfupa huu hupenda kupasukia wapi.

Fredy akasema basi ni kama kuchora barabara. Nikamwambia ndiyo, ila hakuna anayekuambia zinakokwenda.

Alhamisi, 5 Juni

Mabega manne tu. Kompyuta imegoma mara mbili.

Jumatano, 11 Juni

Niandike kwa nini navumilia, maana leo nimefikiria kuacha.

Nilikuwa daktari Mbeya kwa miaka saba. Nimeunga mifupa ya watu kwa eksirei yenye ukungu na mikono yangu hii miwili. Hapa mimi ni msaidizi wa utafiti. Mitihani yao nimefaulu yote, lakini huruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka hospitali fulani ikuchukue kwa mafunzo, na mwaka jana haikunichukua hata moja. Kila niliyemuuliza sababu alinijibu vilevile: huna utafiti wa hapa, huna barua ya daktari wa hapa ya kukupendekeza. Maombi ya mwaka huu yanaanza kusomwa tarehe 24 Septemba. Dk. Hargrove, daktari wa mifupa anayeongoza utafiti huu, ameahidi barua, na jina langu litakuwa la kwanza kwenye andiko. Kwa hiyo nachora.

Kinachonichosha si mifupa, ni msichana niliyepewa. Kanuni inataka wachoraji wawili, kila mmoja achore peke yake bila kuona ya mwenzake, kisha tulinganishe. Mwenzangu ni Tasnim, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa biolojia, kazaliwa hapa Maryland, wazazi wake wa Unguja. Namsalimia kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Kila kitu anakielewa na hakuna anachokijibu. Na ananiita anti. Nina miaka thelathini na minne.

Jumanne, 24 Juni

Joto la kufa mtu. Treni zinakwenda mwendo wa kutembea kwa kuogopa reli zisipinde. Nimefika kazini saa nne, shati limenigandama mgongoni, na Tasnim kakaa ananyonya juisi ya barafu huku anazungusha bega lilelile aliloanza nalo jana. Nimehesabu: mimi themanini na tisa, yeye hamsini na mawili.

Nikamuuliza kwa nini anachelewa. Akasema kwa Kiingereza kwamba anahakikisha. Anahakikisha nini, hakusema.

Jumanne, 8 Julai

Mvua ya radi. Umeme mtaani kwetu, Riverdale Park yote, umekatika kwa saa sita nzima. Samaki wa Fredy wote wameharibika kwenye friji.

Jumamosi, 19 Julai

Matokeo ya kulinganisha yalitoka jana na tangu jana sijaongea vizuri na mtu.

Kati ya mabega mia mbili na kumi na mawili, mimi na Tasnim tumekubaliana mia moja thelathini na moja. Hii ni aibu. Ukipeleka kipimo kama hiki kwenye mkutano wa madaktari watakuambia hawa wawili walikuwa wanatazama vitu tofauti. Dk. Hargrove aliifungua ile karatasi, akaifunga, akauliza taratibu kama tulipewa mafunzo yaleyale.

Nimezipitia tofauti zetu moja baada ya nyingine. Karibu nusu haziko kwenye ubapa wa mfupa wala pale kichwa cha mkono kinapokaa. Ziko kwenye ncha ya bega, kile kidole cha mfupa kinachofunika bega kwa juu. Mimi nimechora ufa hapo kwa watu wengi. Yeye hakuchora kitu. Ufa uko wazi kabisa, mstari mweusi unaokata mfupa kutoka upande hadi upande, mtoto wa shule angeuona. Ameuruka tu. Wiki sita za juisi ya barafu.

Dk. Hargrove naye kaipenda ile ncha. Ramani yangu peke yangu inaonyesha pekundu pakubwa pale juu, na tafiti za wengine hazionyeshi hivyo. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema hili hakuna aliyeliona, Bupe, hili ndilo litakalowafanya watu wakae wima. Ni mara ya kwanza ametamka jina langu bila kulisoma kwenye kitambulisho.

Kisha akatoa ushauri. Tasnim aiweke michoro yangu mbele yake na aipitie yake upya pale tunapotofautiana. Nilijua hilo siyo sawa. Ukimwonyesha mchoraji wa pili kazi ya wa kwanza, huna tena wachoraji wawili. Nilijua, na nikanyamaza. Na si kunyamaza tu. Nilimwendea mwenyewe nikamwambia, kwa Kiswahili ili nisikosee maneno, "Ncha za mabega umeziruka zote. Zirudie, na safari hii tazama."

Aliniangalia kama anayetaka kusema kitu. Kisha akasema okei, anti.

Ijumaa, 1 Agosti

Tasnim amemaliza. Sasa tunakubaliana mabega mia moja tisini na saba. Dk. Hargrove kafurahi, muhtasari wa utafiti umetumwa kwenye mkutano wa madaktari jioni hii, jina langu la kwanza. Nimepita Wheaton kumchukua Fredy dukani kwake, tukala nje. Nilipaswa kujisikia vizuri zaidi ya hivi.

Jumatano, 13 Agosti

Tasnim hajaja siku tatu. Anasema anaumwa. Nimeandika nusu ya andiko peke yangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Bado. Ile sehemu ya mbinu tulizotumia nimeiandika mara tano. Kila nikifika kwenye sentensi inayosema wachoraji wawili walifanya kazi bila mmoja kuona ya mwenzake, kidole kinakataa. Nimeiandika hivyohivyo.

Jumapili, 24 Agosti

Nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nimeendesha gari mpaka Bowie, nyumbani kwa wazazi wa Tasnim, kumshtaki.

Mama yake, Bi Zainab, nilikutana naye mara moja kwenye sherehe ya Watanzania, akanipa namba yake. Nilimpigia nikasema nataka kuja kumjulia hali mgonjwa. Nyumba kubwa, bustani imekatwa vizuri, magari matatu nje. Tasnim hakuwepo. Mgonjwa hakuwepo! Nikamwamkia mama, nikakaa, nikanywa chai ya tangawizi na visheti, nikasubiri pa kuanzia.

Nilianza kwa heshima. Nikasema binti yako ana akili lakini hajitumi, kazi yetu ni ya watu wawili na mimi naibeba peke yangu, mwezi ujao maisha yangu yanaamuliwa kwa kazi hiyo. Nilisema mengi. Bi Zainab alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, anazungusha kikombe tu kwenye kisahani.

Kisha akasema, "Daktari, huyu mtoto anakuogopa."

Nikasema sijawahi kumpandishia sauti.

"Hujampandishia. Lakini kila siku akirudi ni wewe tu. Daktari Bupe kasema hivi, Daktari Bupe kaunga mifupa ya watu bila mashine. Mwezi uliopita karudi analia. Kanambia, mama, nimeambiwa nichore kitu ambacho hakipo."

Nikamuuliza kitu gani.

"Mimi hayo mambo ya mifupa siyajui. Nilimwambia mwambie mwenzio. Akasema yule ni mkubwa wangu na ni daktari, mimi nani nimkosoe. Na hilo kosa langu, mwanangu. Sisi tumewalea hivyo, mkubwa akisema hajibiwi. Kiswahili hazungumzi, lakini hilo kalichukua."

Nimeaga vibaya. Njia nzima kurudi nilikuwa na hasira, na sijui niseme nilimkasirikia nani. Kitu ambacho hakipo. Mimi nimeshika mifupa iliyovunjika kwa mikono yangu. Yeye ameshika nini?

Jumatatu, 1 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi ya huku. Nimelala mchana kutwa. Fredy kapika.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeingia kazini leo nikitaka kumthibitishia Tasnim, aliyerudi jana, kwamba amekosea. Niandike hivyo kwa sababu ndiyo kweli.

Nilichukua bega la tisini na saba, mwanamume wa miaka hamsini na minne, aliyegongwa akivuka barabara. Nilitaka umri wake tu kwa ajili ya jedwali. Kwenye faili lake nikaona kumbe alishapigwa CT ya kifua hospitalini hapahapa miaka minne kabla ya ajali, alipokuwa na damu iliyoganda mapafuni. Picha ya kifua huchukua na mabega. Nikaifungua bila kufikiri.

Ufa ulikuwepo. Miaka minne kabla hajagongwa, ufa uleule, ncha ileile.

Nikaenda bega la pili, upande ambao haukuumia. Ufa upo na kule.

Hiki kitu ninakijua. Nilikisoma mwaka wa tatu wa chuo. Kile kidole cha mfupa hukua kwa vipande, na kwa watu wengi vipande huungana wanapoingia utu uzima, lakini kwa baadhi haviungani maisha yao yote. Hawaumwi, hawajui. Kwa watu weusi hutokea zaidi, na nusu ya watu kwenye orodha yetu ni weusi. Si kuvunjika. Ukingo wake ni laini, umeviringika kama kokoto la mtoni, na mfupa uliovunjika ukingo wake huwa na makali kama kigae. Sasa nikitazama nauona huo ulaini. Ulikuwepo tangu Juni.

Ila Mbeya sikuwahi kuwa na CT. Eksirei haionyeshi ukingo. Na hapa, ili niende haraka, nilikuwa nakata picha ibaki upande ulioumia tu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimechora ufa kwenye ncha ya bega kwa watu thelathini na wanane. Kumi na mmoja kati yao wana picha za zamani. Nimezifungua zote. Tisa, ufa ulikuwepo kabla ya ajali.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimezungumza na Tasnim. Nilimwomba tutoke nje, tukakaa kwenye benchi la wavuta sigara. Nikamuuliza alijuaje. Akasema, kwa Kiingereza na macho chini, kwamba kila bega alikuwa analinganisha na la upande wa pili, kwa kila mtu. Ndiyo maana alichelewa. Alidhani labda mimi naona kitu asichokiona, kwa kuwa nimetibu watu.

Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi. Mimi nimekosea, na kisha nikakulazimisha ukosee."

Alianza kulia, nami sikujua la kufanya, nikamshika mkono. Nilitegemea nitajisikia mwepesi. Nilijisikia mjinga. Wiki kumi na tatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ndiyo siku nitakayoikumbuka, kwa hiyo niiandike yote.

Dk. Hargrove alitupa dakika ishirini kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Nilimwonyesha picha za bega la tisini na saba, ya zamani na ya sasa, zikiwa sambamba. Nikamwonyesha zile tisa. Nikamweleza pia kwamba Tasnim alirudia michoro yake akiwa na yangu mbele ya macho, jambo alilolijua kwa kuwa aliliagiza mwenyewe, lakini nilitaka lisemwe kwa sauti.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitazama picha kwa makini, akasema nimefanya kazi nzuri kuliona hilo, na kwamba tutaliweka kwenye aya ya mapungufu ya utafiti. Sentensi moja. Muhtasari umeshapokelewa, mkutano ni Novemba, na kwenye andiko refu tutasahihisha. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba barua yangu inatakiwa wiki ijayo na kwamba ingekuwa na nguvu zaidi ikitaja kazi iliyokubaliwa mkutanoni.

Alilisema hilo bila ubaya wowote. Nadhani aliamini ananisaidia.

Nikamwuliza ile ramani itakayoonyeshwa Novemba itakuwa na pekundu pale juu au haitakuwa. Akasema itakuwa, maana ndiyo iliyotumwa. Nikamwambia kuna daktari mahali fulani ataiona, kisha atampokea mtu mwenye bega kama hili, mzima kabisa, na atamfunga vyuma kwa kitu alichokuwa nacho tangu ujana. Akasema nakuza mambo.

Nikasema, "Basi jina langu liondolewe."

Akanitazama, akageuka kwa Tasnim kama anayetaka shahidi wa jinsi watu wanavyoweza kuwa wagumu. Tasnim alikuwa ameikalia mikono yake. Akasema na lake liondolewe. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. Akaongeza kwamba michoro yake ya kwanza, ile ya kabla hajaambiwa arudie, bado anayo, na kama mtu yeyote mkutanoni akiuliza atamwonyesha.

Bila wachoraji wawili hakuna utafiti, na hilo Dk. Hargrove analijua kuliko sisi. Alichukua kofia yake ya upasuaji mezani. Alisema ataondoa muhtasari, na kwamba alitegemea makubwa zaidi kutoka kwangu. Mlango aliufunga polepole.

Jumanne, 9 Septemba

Hakuna anayetuongelesha.

Jumatano, 17 Septemba

Barua haijaja. Nimemkumbusha kwa maandishi mara mbili. Fredy anasema nimwendee ana kwa ana, nimwombe. Tumegombana. Nilimwambia hajui ninavyojisikia, akasema anajua, kwa kuwa anaishi nami. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka sasa linanikereketa: kama yule msichana asingelia kwa mama yake, ningefungua ile picha ya zamani? Nilimwambia niliifungua kwa ajili ya umri. Akasema hakuuliza hivyo.

Jumatano, 24 Septemba

Maombi yamekwenda asubuhi. Barua ya Dk. Hargrove iliingia jana jioni, aya mbili. Inasema nafika kazini kwa wakati na niko makini na undani wa mambo. Hakuna andiko. Hakuna mkutano. Nimeomba hospitali sitini na sijui kama kuna itakayosoma mpaka mwisho.

Nimekasirika sana, na hasira yenyewe haina mahali pa kwenda. Kama ningetazama upande wa pili tangu Juni, leo ningekuwa na kila kitu: andiko, barua, ukweli. Sikudhulumiwa na mtu. Nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 26 Septemba

Dk. Hargrove ametuita. Hospitali imeshalipia ile programu ya kuchorea mpaka Desemba, kwa hiyo tunaruhusiwa kurudia mabega yote, tangu la kwanza, kila mtu chumba chake. Amesema hatarajii kitu kipya humo. Jina la kwanza litakuwa la Tasnim. Hilo niliomba mimi. Nililiomba nikiwa nimekunja ngumi chini ya meza, sitajisifu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mabega hamsini ya kwanza tumelinganisha. Tumekubaliana arobaini na sita. Ncha ya bega sasa ni nyeupe kabisa, isipokuwa watu wawili ambao kweli walivunjika pale. Mistari mingine inapita kwenye ubapa, chini ya tuta la mfupa linalokatiza kombe la bega, palepale ambapo tafiti zote zilishasema itapita. Ramani ya kawaida, ya kuchosha. Nimeitazama muda mrefu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Hakuna hospitali iliyoniita kwa usaili mpaka leo. Majani yanadondoka maegesho yote.

Leo tulikaa kwenye yale tuliyotofautiana. Bega la sitini na nane, mwanamke aliyeanguka kwenye ngazi. Mimi nimechora ufa unaoingia mpaka pale kichwa cha mkono kinapokaa, yeye kauishia nje. Nikamweleza kwa nini naona unaingia. Nikamwonyesha pande zote tatu. Nilikuwa na hakika, na bado nina hakika.

Tasnim alisogeza kiti, akaweka la upande wa pili sambamba nalo, akazungusha, akatazama dakika nzima.

"Hapana," akasema. "Umekosea."

Nikamwambia aliyekosea ni yeye. Akazungusha tena. Tulibishana mpaka saa saba, chakula kikapoa, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Mwishowe tukaandika kwenye daftari: bega la 68, hatukukubaliana. Tukafungua la sabini na tatu.